Kisu cha kukunja cha marehemu babu: nikitie loki au nikiache kilivyo?

Mjukuu wa Kuli (mleta uzi)

Assalamu alaikum wakuu, na wengine wote habari zenu. Nina jambo limenikaa kifuani tangu Jumapili na nyumbani hatuelewani. Naomba mawazo ya wanaojua vyuma, na hata ya wasiojua vyuma lakini wana watoto.

Nina kisu cha kukunja cha marehemu babu mzaa mama. Babu alikuwa kuli pale bandari ya Kilindini wakati wa vita vya pili, manowari za Waingereza zilipohamia Mombasa mwaka 1942 baada ya Wajapani kuishambulia Colombo huko Sri Lanka. Alikuwa kijana mdogo. Alivyotusimulia, baharia mmoja alimpa kisu hicho, yeye akampa mkungu wa ndizi, na tangu siku hiyo hakikumtoka kiunoni mpaka alipofariki. Mpini wake ni mweusi, una michirizo ili usiteleze mkononi, na mkiani una pete ya kutilia ugwe. Bapa ni moja, nene, ncha yake butu. Kina kifungulia mkebe, na mgongoni umelala msumari mrefu uliochongoka. Kwenye kitako cha bapa kuna alama ndogo ya mshale na neno Sheffield. Chuma chake hushika kutu. Ukikatia ndimu ukasahau kukipangusa, kesho bapa limekuwa jeusi.

Jumapili kijana wangu wa miaka 13 alikichukua atoboe dumu la plastiki, alitaka kumfanyia nyanyake kitu cha kumwagilia mchicha. Akakandamiza kwa ncha. Dumu likagoma, bapa likajikunja, likamkata kidole cha shahada upande wa ndani. Ameshonwa nyuzi 5.

Sasa mke wangu asema kisu kitoke nyumbani. Mamangu, ambaye ndiye bintiye babu, asema kisu hakitoki. Mimi niko katikati, na wote wawili nawaona wana haki. Nikafikiria nikipeleke kwa fundi akitie loki kama visu vya siku hizi, ukikifungua kinakaza mpaka ubonyeze mahali ndipo kifunge. Je, yawezekana? Na kama yawezekana, ni sawa kukifanyia hivyo kisu cha miaka zaidi ya 80?

Nawasilisha.

Mwana Tudor

Pole sana kwa kijana. Mimi sioni mjadala hapa. Tia loki. Kisu kipo kwa ajili ya watu, na mtoto ameumia. Babu angekuwa hai angefanya hivyo hivyo.

Zahra wa Kibokoni

Pole ndugu. Usikiuze lakini. Sisi cha babu yetu kiliuzwa kwa mtalii pale karibu na Ngome, yaani Fort Jesus, na mpaka leo ndugu hawasemezani.

Fundi Tupa

Pole kwa kijana. Mimi ni mfua chuma, karakana yangu iko Jomvu. Visu vya kukunja vimepita mikononi mwangu vingi, vya kijeshi vya aina hiyo uliyoeleza vitatu tu, lakini nilivifungua vyote kwa hiyo navijua ndani.

Kabla ya loki, tuelewane kisu hicho kinavyofanya kazi, maana wengi hudhani hakina kitu kinachokishika. Kinacho. Kitazame mgongoni, chini ya ule msumari, utaona ufito wa chuma unaokwenda toka kichwani hadi mkiani mwa mpini. Ndiyo springi. Imepigwa ribiti katikati na mwisho, lakini ncha yake ya mbele iko huru na inalala juu ya msuka, yaani kile kitako cha bapa kilichoingia ndani ya mpini. Msuka umechongwa sehemu mbili zilizo tambarare: moja springi hulalia kisu kikiwa wazi, ya pili kikiwa kimefungwa. Ili bapa ligeuke, kona ya msuka ni lazima iinyanyue springi kwanza. Ile nguvu ya kuinyanyua ndiyo ulinzi wako wote. Ndiyo maana kisu kizima ukikifungua hulia "tak", ukikifunga hulia "tak". Ule mlio ni springi kurudi mahali pake. Kisu kisicholia, fundi hukitilia shaka kabla hajakishika.

Sasa loki. Loki ya mgongoni, ile ya kubonyeza kwa kidole gumba, inataka pengo likatwe kwenye msuka, na ule ufito wa mgongoni uwe na jino la kuingia pengoni. Ufito huo ni lazima ucheze kama pembea: ukibonyeza nyuma, mbele kunyanyuke. Wa kwako hauwezi kucheza, umepigwa ribiti mbili. Itabidi ribiti ya nyuma iondoke, ufito utengenezwe mwingine, na chini yake itiwe springi mpya. Na hata ukimaliza yote hayo, pale pa kubonyeza pamelaliwa na msumari. Kidole hakina pa kuingia.

Loki ya bati la ndani, ambapo bati la ubavuni hujipinda lenyewe likaja kukaa nyuma ya msuka, inataka bati lenye uspringi. Mabati ya visu vya zamani ni laini, yako pale kushika mpini tu. Ukiyapinda yanabaki yamepinda. Kwa hiyo bati jipya, na ili kulitia ufungue kisu chote. Mpini mkavu wa miaka 80 ribiti zikitolewa hupasuka, nimeona kwa macho yangu na nilimlipa mwenyewe.

Halafu kuna jambo la moto, na hapa naomba unisikilize. Msuka ni chuma kilichopewa ugumu. Keekee ya kawaida hutelezea juu yake, na mafundi wenye haraka wakishashindwa huupasha moto ili ulainike. Chuma kikianza kupata moto hugeuka rangi ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha buluu. Kikifika buluu, karibu nyuzi 300 za joto, ugumu wa makali umekwenda. Toka msuka hadi makali ni vidole viwili tu na moto husafiri. Hata jiwe la umeme lafanya hivyo ukikandamiza bila maji. Utarudishiwa kisu chenye loki ambacho hakishiki makali wiki moja.

Nikifanya kazi hiyo yote, utakuwa na mpini wa babu yako na kisu changu mimi. Na loki iliyoungwaungwa ni hatari kuliko kukosa loki, kwa sababu mkono ukijua kuna loki hukandamiza bila woga. Siku jino lake likiruka, vidole vinne viko njiani.

Sasa mimi nikuulize wewe mawili. Kwanza, ule msumari wa mgongoni mlikuwa mkidhani ni wa nini? Ni wa kufumulia nyuzi za kamba nene, na wa kutobolea. Hauna makali, hata ukijikunja haukukati. Na ile ncha butu ya bapa iliwekwa makusudi: kisu cha baharia ni cha kukatia kamba, si cha kuchomea, na meli ikiyumba kisu kikamponyoka mtu kisimchome mguu. Waliokitengeneza walijua bapa lake halifai kutobolea, ndiyo wakakitia msumari. Kijana alishika upande usio wake, na si kosa lake kama hakuna aliyemwonyesha.

La pili: chako kikifunguliwa kinalia?

Mjukuu wa Kuli

Fundi, Mungu akubariki kwa maelezo. Nimesoma mara tatu. La msumari limenichoma, maana babu alinionyesha kamba nikiwa mdogo na mimi sikumwonyesha mwanangu chochote, nilikiweka kabatini tu.

Kulia, hapana. Kinafunguka laini kama mlango. Nilidhani ndiyo uzuri wake.

Fundi Tupa

Basi springi imekufa au imeshikwa na uchafu. Kisu chenye springi nzima ukikikandamiza kwa ncha hujikunja, ndiyo, lakini hupambana kwanza, mtu hupata nafasi ya kusita. Chako hakikupambana. Kabla ya kufikiria loki, kirudishiwe kile kilichokuwa nacho tangu mwanzo.

Mwana Tudor

Nakubali maelezo ya fundi lakini sikubali mwisho wake. Kama kutia loki kwenye kisu cha jadi ni makosa, mbona wenye visu vyao wenyewe walitia? Opinel cha Ufaransa kilianza 1890 huko Savoie, kisu cha wakulima, bapa na mpini wa mti, hakina hata springi. Mwaka 1955 ukoo huohuo wa Opinel wakakitia pete ya chuma shingoni: unaizungusha, bapa halifungi. Hakuna aliyesema wameua jadi, mpaka leo ndicho kinachouzwa. Jeshi la Uswisi nalo, visu vyake vya askari tangu 1891 vilikuwa vya springi tu. Kilichotoka 2008 kina loki na unakifungua kwa mkono mmoja. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu walitumia bila loki, kisha wakaona afadhali iwepo. Kwa nini sisi tung'ang'anie?

Nina sababu ya kusema. Nina mdogo wangu kidole chake cha kati hakinyooki tangu tukiwa Tudor Primary. Kijembe cha kukunja cha kuchongea penseli.

Fundi Tupa

Pole kwa mdogo wako. Hoja yako nzito na naiheshimu, ila angalia walivyofanya. Opinel shingo ya mpini wake ni mviringo na imevishwa chuma, ndiyo pete ikapata pa kuzunguka. Mpini wa mleta uzi ni bapa pande zote mbili, pete haina pa kukaa. Na Uswisi hawakuchukua visu vya zamani wakavipasua wakavitia loki, walichora kisu kipya toka mwanzo, msuka mwingine, bati lingine, mpini mwingine. Mtu akiniambia nimtengenezee kisu kipya chenye loki nitafurahi. Mimi nakataa kukikata hicho.

Muuguzi Mstaafu

Nimekaa nje nikisoma nikaona hakuna anayemuuliza mtoto anaendeleaje. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, sehemu kubwa chumba cha majeruhi, kwa hiyo naomba visu visubiri kidogo.

Mleta uzi, upande wa ndani wa kidole cha shahada kano zinazokunja kidole zinapita karibu sana na ngozi, na kila ubavu una neva na mshipa wa damu. Jeraha laweza kushonwa ngozi likapona vizuri kwa nje na huku ndani kano imekatika, na hakuna aliyejua kwa sababu mtoto alikuwa akilia na kidole kimevimba. Fanya hivi leo, taratibu, bila kulazimisha. Shika kidole chake pale kiungo cha katikati kikae kimenyooka, kisha mwambie akunje ncha peke yake. Kisha afumbe macho, umguse kwa pamba ncha ya kidole ubavu huu na ubavu huu, akwambie anahisi wapi. Ikiwa ncha haikunji, au upande mmoja umekufa ganzi, usingojee nyuzi zitolewe. Mrudishe, omba aonwe na daktari wa upasuaji anayejua mikono. Kano iliyokatika huungwa vizuri katika siku za mwanzo. Ikikaa hujivuta ndani na kazi huwa ngumu.

Na siku nyingine, kwa yeyote asomaye: kitambaa safi, kandamiza palepale pasipoachiwa, mkono uinuliwe juu kupita kifua. Kahawa, majivu, dawa ya meno, vyote hivyo mnavyovimwagia jeraha tunahangaika kuvitoa kabla ya kushona.

Kuhusu loki. Fundi anazungumza kama fundi na ninamwamini. Mimi nazungumza kama mtu aliyeshika mikono ya watoto. Mtoto wa miaka 13 utamfundisha Jumamosi, Jumatano amesahau kwa sababu mpira umeingia mtaroni na anataka kukata kamba haraka. Kwa mtoto, loki. Kama kisu cha babu hakiwezi kutiwa, basi kisiwe cha mtoto mpaka akue.

Mjukuu wa Kuli

Mama muuguzi, nimefanya sasa hivi. Ncha inakunja, anasema inavuta na inauma lakini inakunja. Pamba amehisi pande zote mbili. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka kuliko yake. Ahsante sana.

Muuguzi Mstaafu

Alhamdulillah. Wakati wa kutoa nyuzi mwombe daktari amwonyeshe namna ya kukizoesha kidole, na afanye kila siku hata akichoka.

Mzee wa Mtongwe

Fundi yuwasema kweli, na mama muuguzi yuwasema kweli. Mimi ni mvuvi tangu nijijue. Chomboni sijawahi kuchukua kisu cha kukunja kwa kazi ya samaki, chenye loki wala kisicho na loki. Mkono una maji, una utelezi wa samaki, magamba yanaingia kila penye mwanya, na chumvi ikikauka ndani hiyo loki yenyewe haishiki sawasawa au haifunguki kabisa. Kisu cha ala ndicho kisu. Kimenyooka kutoka mwanzo, hakina cha kukunjika, ukimaliza waosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, wapaka mafuta. Mwanangu mkitaka kutoboa dumu tumieni hicho, au msumari na nyundo.

Niliwahi kuwa na Okapi ya kukunja, ile yenye pete mgongoni, ukiifungua yalia "trrrk" jino kwa jino. Loki yake pete hiyo, waivuta ndipo yafunga. Ilinifaa sana nchi kavu. Nasikia zilianza kutengenezwa Solingen huko Ujerumani 1902, wakizileta kwa makoloni yao ya Afrika, siku hizi zatoka Afrika Kusini. Kwa hiyo loki si mambo ya jana, wazee wetu walizijua. Lakini waliotaka loki walinunua kisu cha loki.

Baharia wa Mbali

Naunga mkono la mzee. Naongeza jambo ambalo halijaguswa, na linawahusu vijana wetu wanaopanda meli.

Uingereza sheria ya 1988 inamruhusu mtu kutembea na kisu kidogo cha kukunja, makali yasizidi inchi 3, yaani kama sentimita 7.6, bila kuulizwa cha nini. Ila mahakama zao zikaamua kwamba kisu chenye loki hakihesabiwi cha kukunja, kwa sababu hakifungi papo hapo ukikisukuma. Kinahesabiwa sawa na kisu cha ala, ni lazima uwe na sababu nzuri ya kuwa nacho. Ujerumani nao tangu 2008 kisu chenye loki kinachofunguka kwa mkono mmoja huruhusiwi kutembea nacho hivi hivi. Nimeona mwenzangu akitolewa kando getini bandarini akitokwa jasho kwa kisu alichonunua kwa sababu kilikuwa na loki na aliamini ni salama zaidi. Kwa hiyo ukikitia loki kisu cha babu, kuna nchi ambako umekihamisha kundi.

Hapa nyumbani ni tofauti. Kituo cha treni Miritini au kivukoni Likoni mizigo ikikaguliwa, askari hakuulizi kama kina loki, akuuliza unakipeleka wapi. Na tangu vijana wa mapanga waanze kushambulia watu Kisauni, mtu kuonekana na kisu njiani si jambo dogo. Kisu cha mzee kikae nyumbani.

Zahra wa Kibokoni

Hilo la mwisho ni kweli kabisa. Kaka yangu ni muuza madafu, panga lake ni la kazi na kila mtu mtaani anamjua, na bado jioni hulifunga kwenye gunia kabla ya kupanda matatu.

Mchonga wa Changamwe

Mimi nachonga vinyago, nilijifunzia pale kwenye ushirika wa wachongaji wa Akamba. Nataka kusema kuhusu mkono, maana hapa tumezungumza chuma sana.

Kisu cha kukunja kisicho na loki ukikitumia sawasawa kinajifungua chenyewe. Fikiria: unapokata kamba au tawi, kile unachokata kinayasukuma makali, na makali yakisukumwa bapa linazidi kwenda upande wa kufunguka. Halina sababu ya kufunga. Linafunga kwa mambo machache tu. Ukichoma kwa ncha, kama alivyofanya kijana. Ukikandamiza mgongo wa bapa juu ya kitu. Na la tatu ndilo linalowapata wanafunzi wangu: bapa limekwama ndani ya mti, mtu analing'oa kwa kulitikisa juu chini. Hapo linatoka ghafla likielekea vidoleni. Likikwama, acha mpini kwanza. Gonga mti upande wa pili, au lipanue lile pengo kwa kabari. Usibishane nalo.

Wakati wa kufunga nako ndiko watu hukatika zaidi hata kwa visu vya loki. Loki ya bati la ndani inakutaka uweke kidole gumba palepale bapa linapopita. Mwanafunzi wangu mmoja alikatika hivyo na kisu kipya cha bei. Mimi huwafundisha kufunga kwa viganja: mpini kiganja cha kushoto, vidole vimenyooka nje ya mpini, kiganja cha kulia kinasukuma mgongo wa bapa. Hakuna kidole kinachopita juu ya ule mfereji.

Haya ukimfundisha mtoto kwa kijiti kilichochongwa mfano wa kisu, siku tatu, mkono unashika. Nimefundisha wenye miaka 10.

Mwana Tudor

Hilo la kijiti sijawahi kulisikia. Laiti sisi tungefundishwa na mtu.

Bado naamini mtoto apewe chenye loki. Ila nimeacha kusema cha babu kikatwe.

Muuguzi Mstaafu

Mchonga, ahsante, hasa hapo pa kufunga. Mikono mingi niliyoiona ilikatika wakati mtu ameshamaliza kazi.

Mjukuu wa Kuli

Wakuu, nimerudi. Zimepita wiki mbili, samahani kwa kimya.

Nilikipeleka kwa Fundi Tupa Jomvu. Sikutaka kikae kwake, nikakaa naye toka saa nne mpaka adhuhuri. Alikiloweka kwanza kwenye mafuta ya taa, akawa anakifungua na kukifunga polepole, na ule uchafu uliotoka sijui niueleze vipi. Weusi mzito, nyuzinyuzi za katani, punje za mchanga. Fundi alitenga zile nyuzi akaziweka kwenye karatasi akanipa. Akasema hizi ni za kamba ya katani, hizi zimo humu tangu babu yako akifanya kazi. Nikazikunja nikatia mfukoni mwa shati.

Springi haikuwa imekufa. Ilikuwa imeinuliwa na takataka zilizogandamana chini yake, haikufika kwenye msuka sawasawa. Ribiti ya bapa ilikuwa imelegea pia, ndiyo maana bapa lilicheza kushoto kulia. Aliigonga kidogo kidogo juu ya fuawe ndogo, mbili tatu kisha anajaribu, mbili tatu kisha anajaribu. Hakuna moto uliowashwa, hakuna kilichokatwa. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ribiti, basi. Akanipa nikifungue na ukucha nusura uvunjike.

Nyumbani tulizungumza wote wanne sebuleni. Kisu cha babu hakitiwi loki. Kinakaa kwa mamangu. Kijana nimemnunulia kisu cha ala chenye mpini wa mti, kifupi, na hakiguswi nisipokuwepo. Mke wangu hakufurahi sana, ila alisema cha ala anakiona kiko wazi au kimo alani, hakina la kubahatisha. Kwa siku tatu tumetumia kijiti kama alivyosema Mchonga. Kijana aliona haya mwanzo, kisha akawa anamfundisha mdogo wake.

Ijumaa baada ya swala nilimpa cha babu, mimi nimekaa mbele yake. Nyuzi zimeshatoka, kidole bado kigumu asubuhi lakini kinafika kiganjani. Alitobolea dumu kwa ule msumari, matundu yote 12, kisha akakata kipande cha kamba kwa bapa. Alipomaliza akakifunga kwa viganja viwili. Kikalia "tak".

Mamangu alikuwa jikoni anapepeta mchele. Ungo ukanyamaza. Akauliza, "Nani huyo afunga kisu cha baba?"

Hakuwa amejua tulikuwa nacho uani.

Zahra wa Kibokoni

Umeniliza ndugu yangu. Mungu amrehemu babu.

Mzee wa Mtongwe

Amin. Kila akimaliza kukitumia akipanguse na akipake mafuta kidogo, hewa yetu hii ya bahari haikiachi salama hata kabatini.

Mwana Tudor

Fundi, nami nina kile kijembe kilichomkata mdogo wangu. Mama amekihifadhi miaka yote kwenye kopo la vifungo, sikuwahi kutaka hata kukitazama. Jana nilikifungua na hakilii. Nikija Jumamosi Jomvu nikupate wapi?

Fundi Tupa

Shuka stejini, ulizia wafua chuma, utaonyeshwa. Niko kuanzia saa tatu. Kilete kama kilivyo, usikisugue kutu wala usikitie mafuta kwanza, nataka nione kimeshikwa na nini. Na mdogo wako kama yuko Mombasa, njoo naye.